Dorcus na Programu Iliyofunguka Mara Tatu

Dorcus ni mfupi, na ukisimama nyuma yake akiwa kwenye kompyuta atakuambia utoke, hata kama wewe ni meneja. Mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda chetu cha chai, upande huu wa Silibwet, na ameshanifukuza mara nyingi. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, naye akazaliwa kwenye nyumba za kambi. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuchambua chai. Kompyuta alijifunza mjini siku zake za mapumziko, na ndiye aliyetuandikia programu ya kuendesha feni zinazonyausha majani mabichi.

Programu ilikuwa sawa, shida ilikuwa sisi. Kompyuta yetu ni nzito na watu wa shifti hatuna subira: mtu anabofya, haoni kitu, anabofya tena na tena. Siku moja programu ikafunguka mara tatu, na kila moja ikatoa amri yake. Hii inawasha feni, ile inazima. Majani yakapata joto yakawa mekundu kabla ya wakati. Meneja wetu, Bwana Nyamwange, akasema kosa likirudi programu itatolewa na Dorcus atarudi kuchambua chai. Niliumia sana, maana aliyebofya siku hiyo nilikuwa mimi. Nilikiri, lakini meneja akasema programu nzuri haiharibiwi na kidole.

Dorcus hakubishana. Alifanya programu ikifunguka iandike faili ndogo ya kusema iko kazini. Ya pili ikikuta faili hiyo, inajifunga yenyewe. Wiki mbili tukatulia. Kisha asubuhi moja stima ikapotea, kompyuta ikazimika, na stima iliporudi programu ikakataa kabisa kufunguka. Faili ilikuwa bado inasema kuna mwingine kazini, na huyo mwingine alikuwa amekufa pamoja na stima. Tukaendesha feni kwa mkono. Nyamwange akampa Dorcus mpaka saa sita.

Aliniuliza sisi mafundi tunafanyaje mtu akitundika kibao chake cha kukataza kuwasha mtambo kwenye swichi kisha akaenda nyumbani. Nikamwambia tunamtafuta, maana kibao hakijui kama mwenyewe ameondoka. Akacheka, akaifuta ile faili. Badala yake akaipa kompyuta yenyewe kazi ya kushika kufuli inayozuia programu ya pili, na kuiachilia mara tu programu inapokufa.

Saa tano na nusu alimwita meneja.

"Chomoa hiyo waya, bosi."

Nyamwange akachomoa. Alipoirudisha na kompyuta kuwaka, programu ilifunguka. Akabofya tena mara nne, kwa hasira. Dirisha likabaki lile lile moja, likijileta mbele kila mara. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Meneja akamuuliza angefanya nini kama ingekataa.

"Ningerudi kuchambua," Dorcus akasema. "Lakini asubuhi nilishawaambia wachambuzi wampe mtu mwingine kiti walichoniwekea."