Koki ya Ulanzi Mlangoni mwa Friji

Mwaka ule wa sabini na kitu mke wangu alirudi kwao Kilolo, kisa mimi kushinda kilabuni. Hakunisingizia. Nikawaza, kinywaji kikiwa nyumbani, kilabuni nitafuata nini? Nikanunua friji kuukuu kwa mzungu aliyekuwa anahama Mbeya, nikatoboa mlango, nikapitisha mpira, nikafunga koki ya maji. Ndani niliweka keni ya maziwa, nikaijaza ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliokuja na basi kutoka Iringa. Ukifungua koki unatoka wa baridi kabisa. Nikajiona fundi, ingawa shule niliishia darasa la nne.

Baba mkwe akaja kuangalia kama binti yake arudi au asirudi.

"Kamwene, baba."

"Kamwene." Macho yalikuwa kwenye koki.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ionekane haina sumu. Nikakinga kikombe, nikaonja, nikamkingia na yeye kingine. Hakupokea.

"Wewe umekunywa uliokuwa kwenye mpira. Huu wangu umetoka wapi?"

"Ni ule ule, baba."

"Nitajuaje? Pombe imefungiwa kabatini kama mwizi!"

Nikanywa nusu ya kikombe chake. Akanitazama koo, akaendelea kunitazama, kama anangoja nianguke. Na mimi nikaanza kulisikiliza tumbo langu. Ile keni niliiosha vizuri kweli? Nikamshuku na yeye: huenda alishaamua huko huko Kilolo, hapa anatafuta sababu tu. Lakini ushahidi sikuwa nao, na mgeni ana haki ya kuona anachokunywa.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Akachota mwenyewe kwenye keni, akanusa, akanywa, akashika shavu.

"Lo, meno yangu! Ulanzi mzuri. Kwa hiyo kilabu umekihamishia hapa?"

"Siku hizi nakaa nyumbani, baba. Waulize majirani."

"Nimeshawauliza, kabla sijapiga hodi kwako."

Nilikasirika. Halafu nikaona, ningekuwa na binti, hata mimi ningeuliza.

Akasimama, akachukua fimbo yake. "Nitamwambia unakaa nyumbani. Kwamba umeacha, hilo sitamwambia, maana sijaliona."



Mke wangu alikuja baada ya wiki mbili, na kikapu tu. Sanduku la nguo alikuwa ameliacha Kilolo.