Mganga Aliyeshindwa na Viatu Vyangu

Jamaa wa barazani, leo mganga ameshindwa na viatu.

Mnamjua Juma, yule mpagazi aliyelazwa na homa hata shavu la mguu likasinyaa. Mnyapara alisema asiyeweza kubeba mzigo leo hatakwenda bara na msafara.

Siku arobaini nimemtembeza uani kwa mitalawanda yangu, viatu vya mti vyenye kijiti cha kubana kwa vidole. Kila vidole vilipobana, shavu la mguu lilikaza. Nililishika mwenyewe.

Asubuhi hii mganga mmoja mgeni akamwahi, akampaka mafuta. Juma akabeba mzigo, akatembea, mnyapara akamkubali.

Mganga akapaza sauti, "Mmeiona dawa yangu?"

Nikamwambia, "Vidole ndivyo vilivyomtibu."

"Shehe, vidole na shavu la mguu, wapi na wapi?"

Nikavua mitalawanda. "Vaa, bwana mkubwa."

"Bana vidole, mganga!" Juma akamwonya.

Mganga hakufika hatua ya tatu. Alianguka mbele ya wapagazi wote, kifundo cha mguu kikateguka.

Juma akatua mzigo, akachukua kichupa cha mganga, akampaka mafuta yale yale.

Mpaka naandika haya, mganga hajasimama. Semeni nyinyi.