Kemigisha na Sifuri Iliyopotea kwenye Uzito wa Mwesiga

Saa mbili asubuhi ukungu bado umefunika migomba ya Chonyonyo, wilayani Karagwe, lakini foleni ya akina mama imeshatoka nje ya mlango wa zahanati. Jenifa Kemigisha, mwenye miaka ishirini na saba, ameketi pembeni ya mizani, kompyuta ikiwa mapajani. Kila mtoto akipimwa, printa ndogo inatoa karatasi ya uzito. Anaisoma kwanza yeye, kisha anampa mama.

"Lazima niione kwa macho yangu," anasema. "Iliwahi kuniliza."

Kemigisha ni binti wa wakulima wa Nyakasimbi. Kompyuta yake ya mtumba aliinunua kwa mikungu ya ndizi ya msimu mzima, akajifunza kuandika programu peke yake. Programu yake ya kuchapa uzito wa watoto kliniki sasa inatumika katika zahanati nne za wilaya za Karagwe na Kyerwa.

Mwaka jana nusura imwaibishe. Nyirabageni, mama wa mtoto Mwesiga, alipewa karatasi inayosema mwanawe ana kilo 5.50. Mwezi uliofuata ikaandika 5.400. Mtoto kapungua!

"Nyumbani waliniuliza kama namnyonyesha kweli," anasimulia Nyirabageni. "Nililia njia nzima. Na mtoto mwenyewe nikimbeba mgongo unauma!"

Muuguzi Benitha Rwezaura naye hakuamini. Akampigia Kemigisha simu: "Mwanangu, njoo. Mtoto ana mashavu kama maandazi, karatasi yako inasema anakonda."

Kemigisha alifika na bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Mizani haikuwa na kosa. Mara ya kwanza ilisoma kilo tano na gramu hamsini. Programu ikaandika tano, ikaweka nukta, ikabandika hamsini. Sifuri iliyotakiwa kutangulia haikuwepo.

"Ndani ya programu hesabu ilikuwa sawa kabisa," anaeleza. "Niliharibu pale pa kuiandika ili watu waisome."

Akaongeza agizo moja fupi: gramu ziandikwe kwa tarakimu tatu daima, na penye pengo mbele pajazwe sifuri. Akachapa upya. 5.050, kisha 5.400. Mwesiga alikuwa ameongezeka gramu 350.

"Nisamehe, dada. Kosa ni langu," Kemigisha alimwambia mama wa Mwesiga.

"Nikusamehe nini, na mwanangu amenenepa?" Nyirabageni alijibu, akapiga vigelegele. Foleni nzima ikaitikia.

Wiki hiyo Kemigisha alipitia karatasi zote za nyuma, akakuta kumi na moja zenye kosa lile lile. Alizipeleka mpya nyumba kwa nyumba, na hakuna alikoruhusiwa kuondoka bila kula.

Sasa anaandaa karatasi itakayozungumza kwa Kiswahili na Kinyambo, lugha ya wenyeji, ikimtaja mtoto kwa jina na kueleza ameongezeka kiasi gani.

"Nataka mama aisome akiwa njiani," anasema, "afike nyumbani tayari anacheka."