Pombe ya Palizi

Mume wangu alipohamishiwa Bahi nilikubali kila kitu: joto, vumbi, hata maji yenye chumvi. Kimoja tu kilinishinda kukubali, kufundishwa kupika pombe. Nimezaliwa Rombo, kwenye nyumba ambayo pipa la pombe ya ndizi halikukauka. Nifundishwe na nani tena?

Tulipata shamba la ekari mbili, tukapanda mtama. Mvua za huku ni chache, na zikinyesha magugu ndiyo yanayotangulia. Wiki ya tatu mtama wangu ulikuwa umemezwa na majani, mume wangu yuko kazini kutwa, na mimi nimeshaapa kwamba mwaka huo tutakula ugali wa jasho letu. Bila palizi ya haraka hatungevuna hata debe.

Jirani yangu, bibi wa Kigogo aliyeniita mwanangu tangu tuliposhusha vyombo, akanieleza desturi. Palizi kubwa huitiwa watu. Unapika pombe ya mtama, unatangaza siku, majirani wanakuja na majembe. Kabla ya kazi mwenye nyumba anaonja kata ya kwanza mbele ya wote, anasema kama imeiva, kisha kata inazunguka. Nyingine zote ni baada ya kupalilia.

"Nije tuhesabu siku pamoja?" aliniuliza.

"Ahsante bibi. Siku najua kuhesabu."

Nikahesabu za mama yangu. Kwetu mlimani, ukishatia kimea kwenye uji uliopoa, unafunika siku mbili. Nikatia Alhamisi asubuhi, nikatangaza Jumamosi. Ijumaa asubuhi povu lilikuwa linamwagika nje ya pipa. Bibi akapita, akanusa.

"Hii imeiva, mwanangu. Waite leo."

"Nimeshatangaza Jumamosi, bibi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika mbele ya watu kumi na wawili. Jumamosi nilichota, nikaonja. Ilikuwa siki. Meno yaliniuma, lakini nikakaza uso nikasema, "Imeiva. Karibuni."

Kata ikazunguka. Kila mmoja alionja, akaiweka chini taratibu, akasema ahsante mama, akatia jembe begani akaondoka. Hakuna aliyenitukana. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na nilimchukia kila mmoja wao kwa adabu yake.

Siku nne nilipalilia peke yangu kwa hasira. Nilimaliza mistari sita, viganja vikachubuka, na nyuma yangu majani yalikuwa yanachipua upya. Siku ya tano nikaenda kwa bibi, nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Marahaba. Mlima umeshuka?" akasema.

"Umeshuka, bibi. Nifundishe."

Akanifundisha. Huku joto ndilo mpishi: kimea kinatiwa jioni, watu wanakuja kesho yake asubuhi. Akaniambia pia jambo ambalo sikulipenda. Watu hawakuondoka kwa sababu ya siki, maana pombe humharibikia kila mtu. Waliondoka kwa sababu nilionja, nikajua, nikasema imeiva.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Kwenye kila mlango nilisema, "Siku ile nilijua ni siki. Naomba mje tena kesho asubuhi." Hakuna aliyenijibu zaidi ya "tumesikia."

Jioni nikatia kimea. Usiku mvua ikanyesha, na baridi ikashuka kama ya kwetu Rombo. Asubuhi walikuja tisa, bibi akiwemo, wakasimama uani na majembe yao. Nikachota, nikaonja. Ilikuwa tamu, uji mtupu, haijashika kabisa. Nikawatazama. Nyuma yao nililiona shamba, na nikajua kwamba wakiondoka leo mtama umekwisha.

"Haijaiva," nikasema. "Nisameheni. Bado kabisa."

Watu walitazamana. Bibi akanyoosha mkono, akapokea kata, akaonja kidogo, akanirudishia.

"Kweli bado," akasema. Kisha akachukua jembe lake, akapita mbele yangu, akaingia shambani. "Funika pipa lako, mwanangu. Ulete na jembe. Itaiva tukiwa huku."

Wale wanane wakamfuata.