Kiwanda Kilichobaki Chini ya T

Kazi yangu ni kupiga chapa. Nimeifanya miaka mingi katika ofisi ya wakili mmoja hapa Amu, na sioni haya kusema kwamba naifanya vizuri. Mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu wangu una kero zake: faili isiyo na jina hunikosesha raha siku nzima, na wenzangu ofisini nimewafokea mara nyingi kwa kusahau kuweka nakala ya pili ya kazi zao. Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwamba nilichomfanyia mama yangu sikukifanya kwa kutojua kazi.

Mama alikuwa ameanza kusahau. Yalitangulia majina ya wajukuu, kisha chumvi ikawa inaingia mchuzini mara mbili. Alikuwa mzaliwa wa Pate, akaletwa Amu akiwa bibi harusi, na alikuwa na maneno ambayo hata mimi mwanawe ilibidi niulize maana yake. Niliogopa yataondoka naye. Nikaazimia kuyaandika yote kabla usahaulifu haujayafikia, na tangu siku hiyo sikuwa na shughuli nyingine iliyonipa wasiwasi kuliko hiyo.

Kila siku baada ya sala ya alasiri tuliketi mkekani, yeye na ukili wake anasuka, mimi na kompyuta mapajani. Mwanzo hatukufika popote. Ukimwambia, "Mama, nipe neno," alikutazama tu. Mpaka siku moja alifumba macho akaanza kuingia katika nyumba aliyozaliwa, nyumba ya mawe kule Pate iliyoanguka kabla mimi sijazaliwa, na kila alipopita akanitajia kilichopo. Alianzia daka, kibaraza cha mlangoni wanapoketi wageni. Akapiga hodi, kweli kabisa, kwa vidole juu ya mkeka. Akapita tekani, kijia chenye giza nyuma ya mlango. Akatokea kiwanda, ambacho kwetu si mahali pa mitambo bali ni ua wa ndani ulio wazi juu.

Kila neno lilikuja na kisa chake: nani aliketi pale, nani alianguka pale, bibi yake alificha nini ndani ya kidaka gani cha ukutani. Nilipojaribu kumharakisha alinizuia. "Hatuyafika huko, Bi karani," alikuwa akisema. "Kwanda tupite hapa." Bi karani ndivyo alivyoniita akitaka kunicheka. Tulikwenda hivyo wiki nyingi, chumba baada ya chumba, mpaka tukafika nyuma kabisa, chooni kwenye birika la maji. Hapo akafumbua macho akasema amechoka, nyumba imekwisha.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini mwalimu mmoja, jirani yetu, alikuwa ameahidi kunisaidia kuyachapisha maneno yale yawe kijitabu, na kijitabu cha maneno hupangwa kwa alfabeti, nani asiyejua? Kurasa zilikuwa nyingi, kuhamisha neno moja moja kwa mkono ni kujitafutia maradhi. Nikaliwekea kila neno mtindo wa hedingi, maelezo yake nikayaacha katika maandishi ya kawaida. Uzuri wa hedingi ni kwamba ukizipanga, kila moja huondoka na maelezo yote yaliyo chini yake, kama kuku na vifaranga. Nikayakunja maelezo yasionekane, zikabaki hedingi peke yake, nikaiambia kompyuta ipange toka A hadi Z. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Nikahifadhi juu ya faili ile ile, nikafunga, nikajipikia chai. Nakiri kwamba nilifurahi sana.

Kesho yake alasiri nikamsomea. Neno la kwanza lilikuwa birika.

Mama alikuwa amefumba macho tayari. Akayafumbua. "Huyu ni mgeni gani," akasema, "yuwaingia chooni hata hodi hakupiga?"

Nikacheka, nikadhani ni mzaha wake. Nikaendelea kusoma. Nilikuwa nimemtoa chooni, nikamleta daka, nikamrudisha ndani kwenye kidaka cha bibi yake, na vidole vyake vikawa vinapapasa mkeka vikitafuta mlango.

"Mlango u wapi?" akauliza. "Umenivundia nyumba, mwanangu. Nimepotea ndia."

Usiku ule ule nilijaribu kuirudisha. Nakala ya pili sikuwa nayo, mimi mfokea watu. Nikajaribu kuipanga upya kwa kukumbuka, lakini nyumba ile sikuwahi kuingia; nilikuwa nikipiga chapa masikio wazi na akili iko kwenye tahajia. Siku zilizofuata nilimwomba mama tuanze tena. Alifumba macho, akapiga hodi juu ya mkeka. "Daka," akasema, na vidole vikabaki pale pale mkekani. Nikangoja. Nikamwambia, "Kisha tekani, mama." Akaniuliza tekani ni nini.

Daktari aliniambia hali hiyo ingefika tu, leo au kesho, na kwamba haikutokana na kusomewa karatasi. Huenda. Mimi naona nilikuwa nimeshika ufunguo wa pekee nikautupa kwa ajili ya alfabeti. Alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata, na siku zake za mwisho alikuwa akiomba arudishwe nyumbani, naye yuko nyumbani.

Miezi ikapita kabla sijaifungua faili ile. Mwalimu, niliyekuwa nimempelekea faili hiyo baada ya kuipanga, alikuwa ameisoma, na akaniletea sahihisho moja tu. Chini ya T, aliniambia, kwenye neno tekani, maelezo yake yanaingiliana na neno lingine. Bila shaka nilisahau kuliwekea mtindo wa hedingi, kwa hiyo liliposogezwa lile la juu nalo likaburutwa. Nikatazama. Ilikuwa kweli. "Tekani: hapa pana giza, ukishika ukuta hupotei." Na mara chini yake, kwa herufi ndogo za kawaida: "Kiwanda: hapa jua lajaa. Mama akinisuka nywele hapa."

"Tulihamishe liende kwenye K," mwalimu akasema. "Ni dakika moja tu."

Nilimwomba aliache. Akanishangaa, maana ananijua. Katika nyumba nzima niliyoivunja, ni hapo tu ambapo mama bado anatoka gizani akaingia ua wa jua, kwa sababu hapo nilikosea.