Makundi Mawili, Hadubini Moja

Juma lililopita nilikaa nje ya ofisi ya shule moja huku Kicukiro nikimsubiri mkuu wa shule, redio yake ikisimulia vita vya kaskazini. Darasa la jirani, mlango wake ukiwa wazi mbele yangu, lilikuwa kwenye somo la biolojia. Mwalimu, mgeni kutoka Bukavu, alikuwa ameleta chupa ya maji ya bondeni na hadubini moja tu.

"Kiumbe tunakiweka kwenye kundi lake kwa alama tunayoiona," alisema. "Haya, simameni makundi mawili, mtaangalia kwa zamu."

Nilitegemea zogo la watoto wakikimbilia rafiki zao. Waliinuka kimya, hata madawati hayakulia, wakajipanga: kundi kubwa dirishani, kundi dogo mlangoni. Wasichana wawili walioshikana mikono waliachiana bila kutazamana.

Mwalimu alibaki na chupa mkononi. "Nani amewagawa hivi?"

"Ni vile tunasimamaga wakati wa kuhesabiwa, Mwalimu," mmoja alijibu kwa adabu. "Kwa kabila, kama kwenye kitambulisho cha baba."

"Basi nionyesheni alama mliyotumia."

Walichunguzana nyuso. Hakuna aliyenyoosha kidole.

Wanaolalamika kwamba watoto wetu hawashiki masomo waje Kicukiro. Hili wamelishika barabara. Ningecheka, ila nilishtuka kujikuta nimeshainuka kwenye benchi langu kule nje, nimesimama mlangoni, nyuma ya kundi dogo.