Chupa ya divai kwa Maman Adolphine

Maman Adolphine alikuwa koko ya mama yangu, nyanya yake, na wote waliomujua wanakubaliana juu ya kitu moja: alikuwa anaamuka na hasira sawa vile wengine wanaamuka na njaa. Alikuwa anakaanga beignets, maandazi yetu, kule Kadutu, pembeni ya soko, na anazigeuza mu mafuta sawa vile zilimutukana. Zilikuwa tamu. Usiniulize namna gani.

Mwaka ya cinquante-quatre, 1954, wakati ya ukoloni, nyumba yake ya mbao ilikuwa imejaa wasichana wenye mimba. Hakuna mutu alimutuma. Musichana akipata mimba, ku masomo wanamufukuza, papa yake anamufukuza, na ule aliyemupa mimba anakuwa kipofu gafula, hamutambue tena ata ku njia. Basi anateremuka mpaka Kadutu, anauliza: "Kwa maman wa beignets ni wapi?" Kila mutu alijua.

Adolphine anamuangalia juu mpaka chini. "Umekula?"

"Hapana, maman."

"Na unasimama apo unangoja nini? Fanfare ya tarumbeta? Ingia!"

Iyo ndiyo ilikuwa bienvenue yake, karibu yake. Asubuhi unakanda unga na wengine. Ukizala, wenzako wanakuletea maji ya moto na bouillie, uji ya mutama, wanabeba mutoto ili ulale. Mangaribi wote wanasali, na Adolphine anaomba Mungu kwa sauti ya mutu anayemugombeza.

Hasira ile ilikuwa na mwanzo. Kule Mumosho, mu kijiji yao, wakati alikuwa na miaka kumi na tano, alizaa mutoto mwanaume. Familia ya kijana ilikuwa imekataa mimba, lakini waliposikia mutoto ni muzima, wakakuja na mutungi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Papa ya binti akikunywa ile pombe, amekubali: mutoto ni wao. Papa yake alikunywa. Hakumuuliza kitu. Mutoto alienda ku mugongo ya mwanamuke mwingine, na maziwa ya Adolphine ikabaki inamwangika mu nguo. Kisha alizaa wengine, lakini ule hakumuona tena.

Sasa, Colombe. Miaka kumi na sita, mutoto wa kijiji ya Katana, alikuwa anafanya kazi ya nyumba kwa commis moja, karani wa ofisi, anaitwa Gaston. Huyu Gaston, aï! Soksi mpaka magoti, kofia, na ile carte du mérite civique, karatasi ya wazungu inayosema wewe mweusi umestaarabika, wewe ni civilisé. Angeishi leo, angeiweka ku statut ya telefone kila asubuhi. Alikuwa ameoa kanisani, bibi yake Eulalie, lakini mutoto hakukuwa. Colombe alipomwambia iko na mimba, Gaston alisema: "Wewe ni nani? Sikujue." Musichana aliyemufulia zile soksi!

Colombe akazalia kwa Adolphine. Mwanaume, munene, kelele kubwa.

Wiki kidogo kisha, saa ya jua kali, Gaston akatokea Kadutu. Nyuma yake, muzee moja mwenye vumbi mpaka ku nyusi: Mushagalusa, papa ya Colombe. Gaston alikuwa amemufuata mpaka Katana na kumuleta na camion, lori ya kazi. Adolphine alipoona muzee, alielewa mara moja. Akatoa mikono mu unga.

"Bonjour, maman," Gaston akasema. "Nimekuja en paix, na amani. Ile fille, ule binti, abaki tu. Tunaomba mutoto. Eulalie atamulea muzuri, mu nyumba ya civilisés."

"Ile fille iko na jina," Adolphine akasema. "Ama bado haumujue?"

Wasichana wakacheka mu mulango. Gaston akajifanya hasikie.

Mushagalusa akakohoa. "Na ng'ombe?"

"Papa, ng'ombe ni ya kuoa. Mimi niko na bibi wa kanisa. Lakini sikukuja mikono mitupu." Akafungua sakoshi, akaweka chupa ya divai ku meza. Nyekundu, ya Ulaya. Wakati ule, bila carte, mutu mweusi hawezi kuinunua.

Muzee alikuwa na kiu. Alilamba midomo, na Adolphine akaona papa yake mwenyewe, kule Mumosho, akinyoosha mukono.

Colombe alikuwa chini, na mutoto ku kifua. "Papa," akasema polepole, "usikunywe."

Mushagalusa akashika chupa, akaigeuza, akainusa. "Hii ni nini?"

"Divai, papa."

"Ya padri?"

"Ya padri ni maji! Hii ni bora."

"Na kasiksi iko wapi?"

Gaston akacheka. Kweli, alicheka. "Papa! Kasiksi ni pombe ya wasenji."

Ule muzee alikuwa anakamua kasiksi tangu ujana wake. Papa yake pia.

"Umesikia?" Adolphine akasema. "Wasenji! Binti yako hawamutaki, ng'ombe hawatoe, na pombe yako inawanukia. Mutoto tu ndiye hana arufu. Kunywa basi, muzee. Kunywa!"

Mushagalusa akarudisha chupa ku meza. "Leta mutoto."

Colombe akamukaza zaidi.

"Mupe," Adolphine akamwambia. "Niko hapa."

Muzee akamunyanyua mbele ya wote. "Huyu ni Mushagalusa, sawa mimi. Ni mutoto ya nyumba yangu."

Basi, imeisha. Papa ya binti akishatoa jina, ata mutungi kumi haifungue tena ile mambo.

"Nitawashitaki ku tribunal!" Gaston akapiga kelele.

"Enda! Beba na carte yako. Ueleze wazungu namna civilisé anazalisha mutumishi wake, kisha anasema hamujue."

Alitoka mbio mpaka akasahau chupa. Wasichana wakamusindikiza na kelele mpaka ku kona.

Muzee akaanza kutabasamu. Adolphine akamugeukia.

"Na wewe, usijione shujaa! Ulimufukuza na mimba. Angekuja na kasiksi, ungekunywa. Nadanganya?"

Mushagalusa akaangalia vumbi ku miguu yake.

"Jibu!"

Adolphine akamupa beignets mbili na akamuonyesha mulango.

Ile chupa ilibaki mu nyumba miaka na miaka, ya kuwekea mafuta ya mawese. Mutoto alikomalia Kadutu, anaitwa Mushagalusa, mbele ya macho ya mama yake. Siku moja mama yangu, akiwa bado kidogo, aliuliza koko wake kama ile siku ilimuponya hasira.

Adolphine akageuza beignet.

"Wangu iko wapi?" akasema, na akageuza ingine.